Nani Atangulie?

Mwarabu akitamka 25 husema tano na ishirini. Sisi tuliazima kwake neno ishirini, lakini tukalitanguliza. Hakuna aliyekosea. Basi kanuni isiyo bora kuliko kinyume chake humfunga mtu kwa haki gani?

Katika ustaafu wangu hapa Bariadi nimelikuta swali hilo ndani ya kompyuta. Neno la siri halipaswi kuhifadhiwa humo kama lilivyo. Husagwa kwa hesabu, na unga haurudi kuwa punje. Ukija tena, neno lako husagwa upya na unga hulinganishwa na ule wa awali. Namba za hesabu hiyo huwekwa kwa vipande viitwavyo baiti. Kanuni ya MD5, iliyochapishwa mwaka 1992, hutanguliza baiti ndogo, kama Mwarabu. SHA-1 ya mwaka 1995 hutanguliza kubwa, kama Mswahili. (Zote mbili sasa ni dhaifu kwa kazi hiyo.) 258 ni baiti 1 na 2, ukizipindua unapata 513.

Fundi akiacha mpangilio uamuliwe na mashine, siku orodha ikihamishiwa mashine ya aina nyingine, mwenye mali hufika mlangoni na neno lililo sahihi kabisa, naye huambiwa amekosea. Wapo wasemao hilo ni kosa la ufundi tu, si la maadili. Sikubali. Mtu mwaminifu amefanywa mwizi mbele ya mlango wake, na hana wa kumshitaki.

Tena hitilafu hiyo hujificha. Mmarekani hutanguliza mwezi, sisi siku. Lakini fundi akijaribu kazi yake kwa tarehe ya Nane Nane yetu ya Nyakabindi, 8/8, hataona kitu. Angoje 9/8.