Mali ya Mzee na Haki ya Kutunzwa

Ama baada ya hayo. Mzee aliyeshindwa kuinuka ahitaji mtu wa kumnyanyua, kumwosha na kumlisha. Kazi hiyo ina gharama, na gharama haikosi mwenye kuichukua. Je, ni haki kumwuliza mzee ana mali gani kabla hajasaidiwa kwa fedha ya umma? Wako wasemao kwamba kumwuliza ni kumdhalilisha. Wengine husema fedha ya umma ni amana, na amana haigawanywi kwa kukisia.

Huko Uingereza, mtu mwenye akiba iliyozidi pauni 23,250, mpaka uliowekwa mwaka 2010, hujilipia mlezi wake mwenyewe. Lakini nyumba akaayo haihesabiwi maadamu yu humo akitunzwa. Hapa Kenya, lililo karibu na hayo ni Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Zamani ilichagua wazee wa nyumba maskini. Tangu mwaka 2018 ikafunguliwa kwa wenye miaka 70 na zaidi, isipokuwa wapokeao pensheni. Zanzibar nayo, mwaka 2016, ilianza kuwapa wote wenye miaka 70 shilingi 20,000 za Tanzania bila kupima umaskini.

Sheria yetu haikukataa kupima. Zaka ina wenyewe, na asiyestahiki haihalaliki kwake. Lakini tazama ilivyopima: wanavyuoni wa Kishafi wamesema kwamba nyumba ya mtu kukaa na nguo zake hazimtoi katika ufakiri. Kipimo ni kutosheka, si kumiliki. Mzee wa Ndau mwenye nyumba yake, na dau lililolala pwani kwa kuwa mikono haina tena nguvu za kulisukuma, je, atakula mlango au atakunywa tanga? Kumwita huyo tajiri ni kuhesabu kwa macho.

Hapa pana maovu mawili ya kujihadhari nayo. La kwanza ni hila: mtu kuwaandikia wanawe mali yake ili aonekane hana. Sheria ya Uingereza humhesabu kana kwamba angali nayo, nasi twajua hukumu ya nia. Atwaaye fungu la maskini kwa karatasi ni sawa na atwaaye kwa mkono. La pili ni mtoto mwenye uwezo asemaye, "Serikali yampa baba," kisha akafunga mfuko wake. Kumkimu mzazi mhitaji ni wajibu juu ya mwana mwenye uwezo, wala shilingi 2,000 za serikali hazikumwondolea wajibu huo.

Liko na jambo la tatu, nalo hatulitaji. Katika nyumba nyingi mlezi ni binti. Ameacha kusuka na kuuza, amekaa ubavuni mwa mama yake usiku na mchana, na watu husema, "Bibi yule hana shida, ana bintiye." Hivyo umaskini wa binti umegeuzwa kuwa utajiri wa mama! Ndugu zake walioko Mombasa na Ghuba hutuma salamu, na pengine fedha ya dawa, wakaona wamemaliza. Ndugu, aulizwe kila mmoja: lau angemwajiri mtu baki kwa kazi hiyo, angemlipa kiasi gani? Basi ampe dada yake kiasi hicho, wala asikiite sadaka, kwani ni ujira.

Kwa hayo twaona kuuliza kwafaa, ila kwa staha, na kihesabiwe kile kiwezacho kutumika. Na kwa kuwa Qur'ani, katika Sura ya Baqara, aya ya 273, imewataja wahitaji wanaostahi kuomba, haitupasi kungoja mzee avuke bahari kwenda kujieleza mbele ya meza ya karani. Jirani amjua aliyelala na njaa kuliko daftari lolote limjuavyo. Na tuanze kwa nyumba iliyo karibu nasi. Mwenyezi Mungu atuwafikie.