Ngoma Zikinyamaza, Malka Ibaki Wazi

Wanangu wa Garsen, mwaliko wenu nimeupata. Mnaandaa tamasha la amani na mazingira, nanyi mmetaka mzee awape neno. Natanguliza neno langu leo, kwa kuwa siku yenyewe wageni watakuwa wengi na wakati mchache.

Matamasha ya namna hii nimeyahudhuria mengi. Nimeona ngoma za Wapokomo na za Waorma zikichezwa uwanja mmoja, nikafurahi kweli. Lakini nimechoka kuona mche uliopandwa mbele ya kamera ukiliwa na mbuzi wiki ile ile, kwa kuwa hakuna aliyeuzungushia miiba. Nimechoka kuona chupa za maji zikiachwa uwanjani hadi mvua izisombe mtoni, zishuke Kipini ziingie baharini. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017. Chupa tunazo bado.

Hayo tuyaache. Ninalotaka mlitie maanani ni malka.

Kiangazi kikikaza, mfugaji wa Kiorma au wa Kiwardei hukimbilia mto Tana. Na ukingoni ndipo lilipo shamba la Mpokomo, penye mpunga, ndizi na miembe aliyoachiwa na babu. Malka ndiyo njia inayomfikisha ng'ombe majini bila kukanyaga jasho la mtu. Ikiwa wazi, watu husalimiana na kuuziana maziwa na mahindi. Ikizibwa, ng'ombe mwenye kiu hajui mpaka. Hapo ndipo ugomvi huanza, nao umeshatugharimu maisha: tarehe 22 Agosti 2012 pale Riketa waliuawa Waorma zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto. Kabla mwaka haujaisha, Kipao nako watu wakauawa. Siasa za uchaguzi zilichochea, sikatai. Mabwawa ya huko juu nayo, tangu Masinga mwaka 1981, yamepunguza mafuriko yaliyokuwa yakirutubisha mashamba na malisho. Hata hivyo, ugomvi wa maji na malisho ulikuwa umetangulia, na wachochezi waliukuta tayari.

Sasa, malka huzibwa na nini? Mara nyingine na mkulima anayesogeza shamba hatua chache kila msimu. Mara nyingine na mathenge. Mti huu uliletwa Bura na Hola miaka ya 1980 ili uzuie jangwa na utupatie kuni. Mtazameni mbuzi anavyoyafuata maganda yake kwa utamu. Mbegu hupita tumboni bila kusagika, zikaota palipoanguka kinyesi, yaani kandokando ya njia ile ile ya kwenda mtoni. Utamu huo huo humuozesha mbuzi meno, nao mwiba wa mti hutoboa kandambili hadi unyayoni. Ukiukata juu ya ardhi, unachipua mashina mengi kuliko mwanzo. Mwishowe mchungaji hana pa kupita ila shambani kwa mtu.

Kwa hiyo nawaomba hivi. Siku ya tamasha, asubuhi kabla jua halijawa kali, vijana wa pande zote mwende kwenye malka moja na majembe na mapanga. Chimbeni mathenge, mkate shina chini ya ardhi, na mvua zikinyesha mrudi kung'oa machipukizi. Magogo mchome makaa. Maganda myasage yawe lishe, maana yakisagwa sawasawa mbegu haioti tena. Wazee wa Gasa ya Wapokomo na wa Matadeda ya Waorma wawepo, waoneshe mpaka unapopita, kila mtu asikie kwa masikio yake. Mkipanda miti, ipandeni kwenye mpaka huo, na kila mche uwe na mtu wa kuulinda, anayejulikana kwa jina. Ngoma zije baadaye.

Mtaniambia kaunti ina bajeti. Idaini kaunti, ni haki yenu. Lakini ng'ombe hasubiri bajeti ipitishwe, na mpunga ukishakanyagwa hausimami tena.

Chagueni malka moja tu mwaka huu, mniambie ni ipi. Nitafika kabla ya wageni, na ninawataka nyote, wa jembe na wa fimbo, mniwahi hapo.