MIAKA 3 YA DANIELI
Somo: Danieli 1:1-17



Sisi wa Nakivale tunaisoma habari ya Danieli kama habari ya jirani. Vijana wanne wametolewa kwao kwa nguvu, wamefikishwa Babeli, wamepewa majina wasiyoyachagua, kisha wanaketishwa kujifunza lugha ya Wakaldayo. Mara nyingi tunahubiri juu ya chakula walichokataa. Leo tutazame mstari wa 5: mfalme aliwawekea miaka 3 ya kusoma. Nebukadreza, mtu mkali vile, alijua kwamba lugha ya ugeni haiingii kichwani kwa mwezi mmoja.

Na sisi wazazi, watoto wetu tunawapa muda gani?

Kwetu Kongo mtoto alianza kwa Kiswahili, akaendelea kwa Kifaransa. Hapa Uganda mtihani wa P.7 ni wa Kiingereza. Basi kijana wa miaka 13 aliyefika mwaka wa tano kule anarudishwa P.2. Katika jamaa yetu tunaye mmoja. Kila asubuhi alitoka na daftari, lakini shuleni hakufika. Alishinda bombani hadi wenzake waliporudi. Tulipojua, tulimchapa. (Tunaungama mbele yenu, maana hatukumwuliza hata neno moja.)

Aliyemwuliza ni nyanya yake, usiku, wakipukuchua mahindi. Akamwambia: "Nyanya, naketi dawati moja na mdogo wangu." Akiitaja herufi E kwa Kifaransa, darasa lote lacheka, maana kwa Kiingereza E inaitwa "i". Hesabu za ubaoni anazijua zote, ila hana maneno ya kusema jibu. Akalia, kijana mkubwa vile.

Mkuu wa matowashi alimwogopa mfalme, hata hivyo msimamizi wa Danieli aliwasikiliza vijana wale akawajaribu siku 10. Sisi tulishindwa kusikiliza dakika 10.

Wako pia watoto waliobeba mazito kuliko lugha. Walioona vita hushtuka mlango ukigongwa, wengine hukojoa kitandani, nasi tunawaaibisha mbele ya majirani. Huyo fimbo haimsaidii. Asemeshwe polepole, na mwalimu wake aambiwe yaliyompata.

Baba wa kijana wetu alikwenda shuleni. Kumbe mwalimu hakujua mtoto alifika mwaka wa tano! Sasa humwita ubaoni aandike majibu ya hesabu bila kusema. Yuko P.2 bado, na dawati lile halipendi, lakini anakwenda.

Mstari wa 17 unasema ujuzi wa wale wanne ulitoka kwa Mungu. Naye aliwapa ndani ya miaka ile 3, darasani, katika lugha ya ugeni.

Wazee wa kanisa wamekubali: kila Jumamosi saa 9 alasiri vijana waliomaliza P.7 watawasomesha Kiingereza watoto wageni, humu kanisani. Kila mtoto aje na daftari na kalamu. Wazazi wanaotaka kujifunza nao waje, viti vya nyuma vipo.

Bwana awabariki.