Chagua Kimoja, Ukitunze

Ndugu zangu wa Berchem-Sainte-Agathe, ninyi mliotoka Bukavu, Goma, Uvira na Bujumbura, acheni kununua vifaa kwa macho ya jirani! Mtu anafanya usafi usiku kucha, mshahara ukiingia anakwenda Chaussée de Gand, anatoka dukani na simu janja mpya mkono mmoja na kishikwambi mkono wa pili, na karo ya mdogo wake kule Kadutu haijatumwa. Atasema alivihitaji vyote viwili. Hakuvihitaji.

Mtu mzima aanze na simu, wala asibabaishwe na ukubwa wa kioo. Huku Ubelgiji mambo ya benki, kodi na bima ya afya yanapitia itsme, programu iliyoanza mwaka 2017, nayo imetengenezwa kwa ajili ya simu ya mkononi. WhatsApp, ambako mama anakungoja kila Jumapili, husajiliwa kwa namba ya simu. Kishikwambi huunganishwa baadaye. Na ukitaka kutuma pesa kwa M-Pesa au Airtel Money, utaulizwa namba.

Je, kishikwambi ni kibaya? La hasha! Tanzania ilihesabu watu wake kwa vishikwambi Agosti 2022, kisha serikali ikavigawa kwa walimu. Fomu ndefu, kitabu, somo: hiyo ndiyo kazi yake. Mzee ambaye macho yamechoka, anayetaka Biblia ya herufi kubwa na kumwona mjukuu uso mzima, mnunulieni kishikwambi, tena msimnyime! Cha Wi-Fi tu kinamtosha mtu wa kukaa nyumbani. Kupiga atapigia kasimu kake ka zamani, na shughuli za komini atazifuata dirishani na kitambulisho chake.

Sasa nisikilizeni vizuri, watu wa Kivu, maana hapa pana damu yetu. Ndani ya vifaa hivi mna tantali. Tantali hutoka kwenye koltani, na koltani huchimbwa Rubaya, kule Masisi, na vijana wenye sepeto na mikono mitupu. Aprili 2024 waasi wa M23 waliyateka machimbo hayo. Kobalti ya betri nayo, sehemu kubwa ya ile inayotumika duniani, inatoka Kongo, upande wa Kolwezi. Wabelgiji wengi hawayajui haya. Sisi tunayajua! Tuna shangazi waliolala kwenye kambi za wakimbizi kandokando ya Goma. Basi tutathubutuje kubadilisha simu kila mwaka kwa sababu imetoka yenye rangi mpya?

Sheria yenyewe inatusaidia. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu na vishikwambi vipya vinavyoingizwa sokoni katika Umoja wa Ulaya vinatakiwa kuwa na lebo inayoonyesha nguvu ya betri, uimara na urahisi wa kutengenezwa, na vipuri muhimu viendelee kupatikana miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Idaini lebo hiyo dukani. Isomeni kabla ya kutoa kadi ya benki. Kioo kikipasuka, badilisheni kioo. Betri ikichoka, badilisheni betri.

Na wewe uliye navyo vyote viwili tayari, chagua wiki hii kile unachokifanyia kazi. Cha pili kifute mambo yako yote, ukipeleke kwa mzee wa jirani, na ukae naye mpaka ajue kumpigia mjukuu wake.