Maiti Haulizwi Sanda

Wahenga walisema, maiti haulizwi sanda. Aliyekufa huvikwa kile alichokatiwa na walio hai, naye hana la kujibu. Methali hii hunijia kila nisomapo riwaya inayomchukua mwanamke aliyeishi kweli, ambaye historia ilimtaja kwa mistari michache tu, ikamjengea maisha mazima: utoto, mapenzi, hasira na hata ndoto zake za usiku. Je, mtunzi ana haki hiyo?

Tumtazame Halima, mpishi wa David Livingstone na mke wa Amoda, mmoja wa watumishi wa msafara. Henry Morton Stanley alipofika Ujiji mwaka 1871 alimkuta na shughuli zake za jikoni, akamtaja kitabuni. Mwaka 1872 Livingstone mwenyewe aliandika katika shajara yake kwamba Halima aligombana na mwanamke mwenziwe, akatoroka, kisha akarudi kwa hiari yake. Alimsifu kuwa hodari na mwaminifu, haibi wala hamwachii mumewe aibe. Akaongeza kwamba wakifika Unguja atampa uhuru wake, na kumnunulia nyumba na bustani.

Mauti yaliitangulia ahadi hiyo. Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake waliukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauchukua zaidi ya kilomita 1,500, na Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Walichukua pia makaratasi yake. Hivyo ahadi aliyopewa Halima ilisafiri mabegani mwa wenzake hadi pwani, na mwaka huohuo ikachapishwa London, ikasomwa na watu asiowajua. Jacob Wainwright alihudhuria mazishi Westminster Abbey. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza, wakaulizwa habari za safari. Halima hakupelekwa.

Mwaka 2019 Petina Gappah, mwandishi wa Zimbabwe, alitoa riwaya ya Out of Darkness, Shining Light, na humo Halima ndiye anayeanza kusimulia, tena kwa ulimi mkali.

Najua pingamizi. Katika miaka yangu ya kufundisha walimu nilisisitiza kwamba mwalimu asimpe mtoto habari asiyoweza kumwonyesha ilikotoka. Msomaji akishamsikia Halima wa riwaya, huyo ndiye atakayemkumbuka. Tena jina la mtu halisi lina heshima yake. Mtunzi akimsingizia hawara au wizi, nani atasimama kumtetea? Mhusika wa kubuni hana cha kupoteza. Marehemu analo jina.

Lakini kimya nacho si ukweli. Kile kidogo tulichoachiwa kilikatwa kwa mkasi wa bwana wake. Aliandika yaliyomhusu yeye: upishi, utii na ugomvi uliomsumbua. Tukiishia hapo, tumekubali kwamba Halima alikuwa sufuria na uaminifu tu. Je, mwanamke aliyeahidiwa uhuru na nyumba hakuwaza lolote siku aliyemwahidi alipokuwa akianikwa juani? Kudhani hivyo ni uongo mkubwa kuliko wa riwaya yoyote.

Kwa hiyo nathubutu kusema haki ipo, ila ni haki yenye deni. Ebrahim Hussein alipotunga tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, aliwaeleza wasomaji waziwazi kuwa Kinjeketile wake ni wa kubuni, si yule wa historia. Huo ndio uungwana. Mtunzi asipinde yanayojulikana, asimpake marehemu aibu isiyo na ushahidi, wala asimgeuze kuwa kasuku wa mawazo ya zama zetu. Mwanamke wa mwaka 1873 huenda alitaka mambo ambayo hayatupendezi sisi.

Na mwalimu anayetaka kuitumia riwaya kama hiyo darasani asiogope. Aandike ubaoni, upande mmoja, yale machache yaliyomo katika shajara. Upande wa pili, yale aliyoyasema Halima wa riwaya. Kisha awaulize wanafunzi: lipi tunalijua, lipi tumelikisia, na kwa nini hakuna aliyemuuliza mwenyewe alipokuwa hai? Hilo la tatu ndilo litakalowachukua kipindi kizima.