Panya wa Krismasi

Krismasi ya mwaka 1994, wenzake wakiwa likizo, James Allison alikuwa maabara huko Berkeley, Marekani, anapima uvimbe wa panya. Vizimba viliandikwa herufi tu, asijue wepi wamedungwa dawa na wepi hawakudungwa, asije akajidanganya mwenyewe. Mwanzoni uvimbe ukakua kwa wote. Mtu mwingine angezima taa akaenda zake nyumbani. Yeye akaendelea kupima. Ghafla, katika baadhi ya vizimba, uvimbe ukasita, ukanywea, ukatoweka.

Siri ilikuwa hii: askari wa kinga ya mwili, seli T, wana breki iitwayo CTLA-4. Wengi walihangaika kuwakanyagia mafuta askari hao. Allison, aliyefiwa na mama yake kwa saratani akiwa bado mtoto, akaamua kuizuia breki; ndiyo kazi ya dawa ile. Jambo jepesi, ukishaambiwa!

Sasa wewe unayesomea baiolojia, sikia sehemu ambayo husimuliwa harakaharaka. Hataza, yaani haki rasmi ya mvumbuzi, iliombwa. Karatasi ikawapo. Halafu? Kampuni za dawa zikamfungia milango, moja baada ya nyingine, kwa sababu tiba ya saratani kwa njia ya kinga ilishawaangusha wengi. Akabisha hodi, akarudi, akabisha tena, mpaka Medarex, kampuni ndogo tu, ikaichukua kazi ile. Dawa iliyotokana nayo, ipilimumab, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2011. Hesabu: zaidi ya miaka 16 toka vizimba vile hadi chupa ya dawa. Tuzo ya Nobel, ambayo Allison aliipata pamoja na Tasuku Honjo wa Japani, ikaja 2018.

Kwa hiyo litoe daftari lako uvunguni! Andika wazo, andika na tarehe. Usilimwage kongamanoni wala WhatsApp kabla hujaombea hataza. Katika nchi nyingi, kilichokwisha kuanikwa hadharani hakihesabiwi tena kuwa kipya. Kuomba hataza, Tanzania Bara nenda BRELA, Kenya nenda KIPI. Fomu zinachosha, najua. Zijaze. Wakikurudisha ukarekebishe, rekebisha kesho yake, si mwakani.

Wala usiseme wenzako wamemaliza kila kitu. Wanaohariri jeni kwa CRISPR wameshaanza kuing'oa breki nyingine, PD-1, ndani ya seli T za mgonjwa mwenyewe kabla ya kumrudishia. Hata hivyo wapo wagonjwa wengi ambao tiba hizi haziwafai, na sababu zake bado zinatafutwa. Vizimba viko wazi. Nani anapima leo?