Uzee wa Uso na Hukumu ya Kuukaza

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba wake. Ama baad:

Ndugu mmoja, hirimu yangu, aliniuliza baada ya swala ya alasiri: "Sheikh, mashavu yangu yameshuka, na nyama ya chini ya taya yaning'inia. Mwanangu aliyeko Ghuba ataka kunigharimia nikapasuliwe, nikazwe uso. Yafaa?" Sikumjibu papo hapo, kwani nami nikitia udhu huipata nyama hiyo hiyo chini ya vidole vyangu.

Fahamu, ewe ndugu, yakuwa jambo hili lina sababu zake. Ngozi husimama kwa nyuzi nyembamba zilizo ndani yake, nazo hudhoofika kwa miaka. Mafuta ya shavu huteremka, na mfupa wa taya hupunguka, khasa kwa aliyeng'oka meno. Jua kali na tumbaku huyahimiza hayo. Matabibu wa leo hudunga sindano za kujaza palipopunguka, au huikata ngozi kandokando ya masikio wakaivuta juu. Lakini kisu hicho huweza kuleta damu ikavilia, au kuumiza mshipa wa fahamu unaotikisa uso; na miaka haisimami, ngozi itashuka tena.

Ama hukumu: katika hadithi ya Usama bin Sharik, waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) aliamrisha watu wajitibu, akabainisha yakuwa kulla ugonjwa una dawa isipokuwa mmoja, nao ni uzee. Na Arfaja bin Asaad, aliyekatwa pua siku ya Kulab, alivaa pua ya fedha ikamtia uvundo. Mtume akamwamrisha avae ya dhahabu, juu ya kuwa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Tazama farki: pua ya Arfaja ilikuwa na ila, ikarudishwa. Uzee si ila. Ni njia ya kulla aliyepewa umri. Na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, ilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, iliamua yakuwa haifai kuondoa makunyanzi kwa kisu wala kwa sindano, ila ikiwa ni hali ya ugonjwa, kwa sharti ya kusalimika na madhara.

Huenda ukasema: "Mbona hina ya ndevu yaruhusiwa?" Nasema: hina ni pambo, haimdanganyi mtu. Mtume alipoamrisha mvi za Abu Kuhafa zigeuzwe, alikataza nyeusi. Kujipamba ni halali. Kumghuri mwenzio, khasa walii wa mke unayemposa, ni haramu.

Lakini tahadhari! Uso ukishuka upande mmoja kwa ghafula, kinywa kikapinda, mkono ukalegea au ulimi ukawa mzito, huo si uzee, ni ugonjwa. Mkimbize mtu kwa tabibu saa ile ile, usikae ukingoje kombe.

Basi nilimjibu ndugu yangu: "Acha tumbaku, fuga ndevu, na fedha za mwanao zikutengenezee meno upate kula. Uso huu wajukuu zako hawajui mwingine." Akacheka, na mashavu yake yakatikisika, nami yangu kadhalika.

Wallahu aalam.